Amri Iliyokwisha Ijumaa

Nisikilizeni kwa utulivu, ndugu zangu, maana damu nitakayoieleza hapa haikumwagika vitani wala kwenye kijiwe cha wahuni. Ilimwagika ofisini, saa tatu na nusu asubuhi, mahali penye zulia na kalenda ukutani.

Ofisi hiyo ilikuwa ya mama mmoja wakili, ghorofa ya kwanza, juu ya duka la daftari na sare za shule. Ilikuwa na vyumba viwili tu: cha ndani cha Mama Wakili mwenyewe, cha nje cha karani wake. Asubuhi hiyo Mama Wakili alikuwa ameshakwenda mahakamani. Karani alifungua madirisha, akapanga mihuri yake, akajimiminia chai. Nje, mama wa usafi alikuwa akipiga deki korido huku akiimba kwa sauti ya chini. Hapakuwa na haraka yoyote.

Karani huyo watu walimwita Kichwa. Kesi ya nani inatajwa lini, nani anatakiwa kuleta nyaraka kabla ya siku gani, yote aliyajua bila kufungua faili. Alijivuna kwa miaka kumi na mmoja kwamba hajawahi kukosa tarehe. "Daftari langu liko hapa," alipenda kusema, akijigonga paji la uso, "na halisahauliki kwenye gari."

Mwanzoni mwa mwaka Mama Wakili alimnunulia shajara kubwa, akamwagiza kila tarehe aiandike mara mbili: siku yenyewe, na wiki mbili kabla yake. Kichwa aliandika kwa mwezi mmoja, kisha akaona anajichosha bure. Shajara ikawa ya kuwekea kikombe. Mama Wakili aliona alama za chai juu ya jalada, akacheka, akapita zake. Na hapo, msimlaumu karani peke yake, Mama Wakili naye alikosea.

Sasa kulikuwa na mteja mmoja, fundi cherehani, mwanamke mpole mwenye binti wa miaka minane. Mumewe, dereva wa lori, alikuwa amemng'oa meno mawili kwa ngumi na kummwagia birika la maji ya moto mgongoni. Mama Wakili alimpigania mpaka mahakama ikatoa amri: dereva asimsogelee mkewe, asikanyage kwake, kwa siku tisini. Amri iliweza kuongezwa muda, lakini ombi lilitakiwa kupelekwa kabla siku hizo hazijaisha. Kazi ya kuzihesabu ilikuwa ya Kichwa.

Naye alizihesabu, ila alikosea pa kuanzia. Amri ilianza siku ilipotolewa. Kichwa kichwani mwake alishika siku dereva alipokabidhiwa nakala, siku tisa baadaye. Ni hivyo tu. Siku tisa.

Wiki moja kabla ya asubuhi ile, fundi alipiga simu. "Kaka, samahani kwa kukusumbua. Naona kama siku zinakaribia."

"Dada yangu, wewe shona nguo, tarehe niachie mimi," Kichwa alimjibu, na wote wawili wakacheka. Hakufungua faili. Faili lilikuwa kwenye kabati, hatua nne kutoka kitini pake.

Kwa hiyo asubuhi ile, Kichwa hajamaliza hata nusu kikombe, mlango ulisukumwa kwa nguvu. Fundi aliingia pekupeku, kanga imemlegea, anahema.

"Yuko nyuma yangu! Kaka, funga mlango!"

"Nani?"

"Mume wangu! Amevunja dirisha nyumbani. Nimewapigia polisi, wakaniuliza amri inaisha lini. Nimewaambia ipo, wakasema kwenye kumbukumbu zao imekwisha, nikamuulize wakili wangu."

"Imekwishaje? Zimebaki siku sita," Kichwa alisema, akanyanyuka taratibu, ana hakika. "Kaa hapo, dada. Hawezi kuingia humu."

Lakini alikuwa ameshaingia. Dereva wa lori alisimama mlangoni, mkono wa kulia umeshika spana ndefu ya kufungulia magurudumu, wa kushoto umeshika karatasi iliyokunjwa mara nne. Hakupiga kelele. Alikuwa anatabasamu.

"Wewe bwana," Kichwa alimwambia kwa ukali, "una amri ya mahakama juu yako. Toka, ama leo unalala ndani."

"Amri ipi, bwana karani? Hii?" Dereva aliitupa karatasi mezani. "Soma tarehe. Soma kwa sauti, na yeye asikie."

Kichwa aliikunjua. Aliona mhuri wa mahakama, akaona siku ya kutolewa, akaanza kuhesabu kwa vidole chini ya meza. Ilikuwa Jumatatu. Amri ilikwisha Ijumaa.

"Nimezihesabu moja moja," dereva alisema. "Nimeziwekea alama ndani ya lori, kila siku. Nyinyi mliosoma mmezihesabia wapi?"

Ndugu zangu, hapo ndipo ulipo uchungu wa kisa hiki. Mtu aliyetaka kuua alitunza tarehe kuliko ofisi iliyoajiriwa kumzuia.

Fundi alikimbilia chumba cha ndani. Dereva alimdaka kwa nywele, akamvuta mpaka akaanguka chali, akampiga spana begani. Kichwa alisikia mfupa ukivunjika, sauti kavu, ndogo. Alimrukia dereva mgongoni. Dereva aligeuka, akamtandika spana ya upande wa kichwa, juu ya sikio, na karani akaangukia kabati la mafaili, mafaili yakamporomokea. Aliona kila kitu kupitia damu iliyomwingia jichoni.

Alimwona mwanamke akijaribu kutambaa chini ya meza, mkono wake wa kulia umeshika mguu wa meza.

"Huu ndio mkono uliotia sahihi kunishtaki," dereva alisema. Akaukanyaga kwa buti kwanza, kisha akaupiga kwa spana. Mara moja. Mara mbili. Mwanamke alipiga ukelele uliofika hadi dukani chini, kisha akanyamaza. Dereva akainua spana mara ya tatu, safari hii akilenga kichwa.

"Mwache!" Kichwa alijaribu kusema, lakini mdomo ulikuwa umejaa damu, sauti haikutoka.

Aliyeokoa maisha ya fundi alikuwa mama wa usafi. Aliingia bila neno, amekumbatia mtungi mwekundu wa kuzimia moto alioung'oa ukutani mwa korido, akaubamiza kisogoni mwa dereva kwa nguvu zake zote. Dereva alipiga magoti. Akaubamiza tena. Spana ikaanguka. Watu wa dukani walipopanda ngazi walimkuta mama yule amesimama juu ya dereva.

"Mfungeni," alisema. "Mfungeni haraka, mwanangu anakufa hapa," akimwonyesha Kichwa.

Hakufa mtu. Lakini sikio la kushoto la Kichwa halisikii mpaka leo. Fundi alikaa hospitali wiki tano. Bega lilipona. Vidole vitatu vya mkono wa kulia vilikatwa, na daktari hakuhitaji kumweleza maana yake, kwani fundi cherehani anaijua mwenyewe. Binti yake, aliyekuwa kwa bibi yake siku hiyo, alipoletwa wodini aliutazama ule mkono uliofungwa bandeji, akauliza, "Mama, si ulisema karatasi inatulinda?"

Kichwa alikuwa kitanda cha wodi ya jirani, mlango uko wazi. Kwa sikio moja lililobaki, alilisikia swali hilo.

Kesi ya dereva ilipofika, Kichwa aliitwa kutoa ushahidi. Mama Wakili, aliyekaa naye karibu, alimnong'oneza, "Jibu unachoulizwa tu. Tusijitie kitanzi." Alikuwa na hofu, na nani asingekuwa nayo? Ofisi ingeweza kufungwa.

Wakili wa dereva alisimama, akamuuliza, "Siku ya tukio, je, amri ilikuwa hai?"

"Ilikuwa imekwisha."

"Nani alikuwa na kazi ya kuitunza tarehe hiyo?"

Kichwa angeweza kumtaja Mama Wakili, ambaye jina lake ndilo lililo mlangoni. Angeweza kusema hakumbuki, na nani angembishia mtu aliyepigwa kichwani? Alimtazama fundi, aliyekaa na mkono wake juu ya mapaja.

"Mimi," alisema. "Aliniuliza wiki moja kabla. Nilimjibu bila kufungua faili."

Mama Wakili aliinamisha uso. Kisha naye akasimama, akamwomba hakimu ruhusa, akasema ofisi ni yake na hakuwahi kukagua. Dereva alifungwa miaka kumi na minne. Mama Wakili alipewa adhabu na chama cha mawakili, karani wake akapewa yake na ofisi, wakazipokea bila ubishi, na ofisi ikajitwika matibabu ya fundi na kumsomesha binti.

Siku ya hukumu, nje ya mahakama, Kichwa alimfuata fundi ili amwombe radhi.

Fundi akamwahi. "Kaka, sijakusamehe. Usinisukume. Lakini leo hukusema uongo, na mimi nimechoka na watu waongo." Akamshika binti yake kwa mkono wa kushoto, wakashuka ngazi.

Funzo tunalolipata

Tarehe ya mtu ni amana. Wewe karani, wakili, daktari, au mtu yeyote uliyeshika siku za wenzako, usizibebe kichwani kwa kujivuna. Ziandike, zirudie, mwenzako azikague, na ukiulizwa fungua faili kabla ya kufungua mdomo. Wewe bosi, usicheke unapoona kazi imeachwa. Na wewe mwenye amri mkononi, isome mwenyewe, ujue inaanza lini na inaisha lini, na ukiambiwa usiwe na wasiwasi, omba uonyeshwe. Uzembe haupigi mtu kwa mkono wake. Unamfungulia mlango anayepiga.