Kaya Arobaini na Moja Zimepotea

Kabati la chuma lilikuwa wazi, kufuli halina hata mkwaruzo. Ndani yake yalipaswa kuwemo madodoso mia sita ya kipato cha kaya. Arobaini na moja hayakuwemo.

"Mwizi gani huyu anabeba karatasi na kuacha kompyuta?" Inspekta aliuliza. Alikuwa mwanamke mnene, mwepesi wa macho, na asubuhi hiyo hata chai alikuwa hajaionja.

Mtakwimu wa wilaya, ambaye ofisi nzima ilimwita Desimali, alikuwa karibu kulia. "Afande, saa kumi jioni namba yetu lazima ifike makao makuu. Madodoso yakipungua zaidi ya thelathini, wanatupilia mbali kazi yote na kutukadiria kwa kutazama wilaya jirani. Na majirani zetu wana viwanda! Tutahesabiwa wenye nacho."

"Kuna ubaya gani?"

"Kipato cha kaya wilayani kikivuka laki tatu kwa mwezi, ruzuku inakatwa. Zile mashine za kusafisha figo hospitalini zinaendeshwa na ruzuku hiyo. Wagonjwa kumi na tisa, afande."

Inspekta akaisahau chai.

Aliomba orodha ya kaya zilizopotea. Mwenye hoteli. Daktari wa meno. Wakili. Mwenye malori. Wote wa mtaa mmoja, ule wa mageti ya umeme na mbwa wanaokula vizuri kuliko polisi.

"Mwizi wako kachagua matajiri," alisema. "Alitaka wilaya ionekane maskini."

"Haiwezekani! Hapa hakuna wa kufanya upuuzi huo. Sisi hatutafuti wastani, afande. Tunazipanga kaya zote mstari mmoja, kuanzia fukara hadi tajiri, kisha tunamchukua wa katikati. Ukiondoa arobaini na moja kule mwisho, wa katikati anasogea hatua ishirini tu. Na pale katikati watu wanapishana kwa hela ya sabuni."

"Kwa hiyo mwizi hazijui hesabu zenu."

Desimali aligeuka, akalitazama kabati.

"Funguo za kabati ni ngapi?"

"Tatu. Wangu, wa msimamizi wa wadadisi... na yule ndiye aliyenifundisha hesabu hizi."

"Wa tatu?"

"Dada wa masjala. Yeye hupanga mafaili tu. Lakini jamani, afande! Yule ni dada yetu, miaka kumi na minne!"

Dada wa masjala alikuwa akishona kwa uzi mgongo wa faili lililochanika. Inspekta alivuta kiti, akaketi karibu naye.

"Pole na kazi, dada."

"Nimeshapoa, afande."

"Nyumbani nani anaumwa?"

Sindano ilisimama. "Mume wangu. Figo."

"Anasafishwa mara ngapi?"

"Jumatatu, Jumatano, Ijumaa."

"Madodoso umeyachoma?"

Inspekta alisogeza kiti mbele. "Nisikilize vizuri. Yakipatikana kabla ya saa kumi, mashine zinabaki. Yasipopatikana, watatukadiria kwa majirani, na mashine utakuwa umezizima kwa mkono wako mwenyewe."

"Mungu wangu!" Faili lilimponyoka. "Mimi nilidhani nawaokoa! Wale watu wamejaza mamilioni, afande. Nikasema hawa watatuponza. Wanatupandisha sote, halafu wao wanakwenda kutibiwa nje."

"Yako wapi?"

"Chini ya godoro. Mume wangu analala juu yake, hajui lolote, naapa. Kuyachoma nilishindwa. Kila moja nililigonga muhuri mwenyewe."

Walikwenda kwa gari la polisi. Mgonjwa, fundi cherehani aliyebaki mifupa na ucheshi, alinyanyuliwa na Desimali polepole.

"Samahani, shemeji."

"Ah, kumbe!" alisema alipoziona karatasi. "Ndiyo maana mgongo umenisumbua usiku kucha." Kisha akautazama uso wa mkewe, na hakutania tena.

Saa kumi kasoro robo, Desimali alisoma jibu kwenye kompyuta. "Laki mbili na elfu themanini na moja. Tuko chini ya mstari." Akabonyeza kutuma.

"Na bila yale arobaini na moja?" Inspekta aliuliza.

"Laki mbili na elfu sabini na nane."

Dada wa masjala aliwatazama mmoja mmoja. "Kumbe hata nisingeiba..."

"Hata usingeiba, dada."

Aliketi sakafuni, akalia kwa sauti. Inspekta alimwonea huruma. Pingu aliziacha mfukoni.

"Nimekosa, afande, nipelekeni," alisema alipoweza kusema. "Lakini kesho ni Jumatano. Zile ngazi za hospitali mume wangu haziwezi peke yake. Nani atamshika mkono?"

Desimali, ambaye siku hiyo nusura apoteze kazi kwa sababu yake, alivua miwani na kuifuta kwa shati.

"Anatakiwa kufika saa ngapi?"

"Saa moja asubuhi."

"Saa kumi na mbili nitakuwa mlangoni kwenu, dada."