Manca, Kupe na Siri ya Uyoga

Kila Jumamosi ya Septemba, Manca na babu yake, mzee Ciril, hutoka na vikapu kwenda msituni kuchuma uyoga. Hupitia nyuma ya kanisa, wakazunguka mashamba ya mahindi, na safari ya dakika kumi ikawa saa nzima, ili jirani yeyote asijue waendako. Wakisalimiwa njiani, babu husema wanakwenda kumwona shangazi. Shangazi mwenyewe alifariki zamani.

Safari moja Manca alirudi na kupe mguuni, babu akamng'oa. Baada ya wiki moja doa jekundu lilitokea mahali pale. Halikuwasha, ila lilizidi kupanuka, katikati likapauka, likawa kama pete. Kisha kichwa kikaanza kumuuma.

"Twende kliniki," babu akasema, "ila msitu usiutaje. Yule Dakta Hribar naye ni mchuma uyoga. Akijua tulikokwenda, Jumamosi tutakuta amefagia wote!"

Dakta Hribar, mama wa makamo mwenye miwani, alilichunguza doa. "Manca, uliingia msituni siku hizi?"

Babu akadakia. "Msituni? Huyu ni mtoto wa uani tu. Mbona unapeleleza?"

"Una hakika, mzee? Kama hakuumwa na kupe, huenda ni choa tu. Nitampa mafuta ya kupaka, aende zake."

Manca aliogopa kumwaibisha babu, lakini aliogopa zaidi kupewa dawa isiyo yake.

"Tuliingia msituni, dakta. Kupe aliniganda hapahapa."

"Ahsante, mwanangu. Basi huu ni ugonjwa wa Lyme, unaoletwa na kupe. Ukiachwa hushika viungo, neva, hata moyo, lakini tumeuwahi. Utameza antibiotiki kwa siku kumi na nne. Doa likifutika kabla, usiache. Maliza vidonge vyote."

Babu alimkazia dakta macho, akingoja swali la pili. Halikuja.

"Hutaki kujua ni msitu gani?" akauliza, bado ana shaka.

"Mzee Ciril, mahali penu nimepajua mwaka wa tatu huu. Sichumi pale kwa heshima yako tu."

Babu akawa mwekundu hadi masikioni. Akainama, akapandisha suruali polepole. Kwenye paja lake palikuwa na pete nyekundu, kubwa kuliko ya Manca.

"Na hili je, dakta?" akanong'ona.

Babu na mjukuu walimeza dawa pamoja, kila mmoja akimchunga mwenzake asiruke hata kidonge kimoja. Siku ya kumi na nne Manca alikuwa mzima, anakimbia.

"Mjukuu wangu," babu akasema, "mficha maradhi, kifo humuumbua. Mimi nilificha yangu, nikataka kuficha na yako, yote kwa ajili ya kikapu cha uyoga. Daktari akikuuliza, mwambie kweli, hata kama babu yako anakukonyeza."