Nililipwa Mahari kwa Shamba Langu Mwenyewe

Nina miaka arobaini na minne. Kwa miaka mingi niliuza mitumba ya watoto sokoni Nachingwea, na wateja wangu walinijua: kwangu hukununua bila kubishana. Ukinipa noti nahesabu, halafu nahesabu tena mbele yako. Sasa someni mwone mtu wa namna hiyo alivyoingizwa mjini mchana kweupe...

Marehemu mume wangu, Bakari, nilikutana naye kwenye kazi ya kubangua korosho. Kama hujawahi kuifanya, mshukuru Mungu. Ganda lina mafuta yanayounguza. Ngozi ya vidole inachubuka, inaota, inachubuka tena. Tulikuwa tukitaniana kwamba tumeoana kwa kuwa vidole vyetu vimefanana, vyeusi na laini kama mgongo wa kijiko.

Utani uliisha siku ya kusajiliwa vitambulisho. Bakari akaweka kidole kwenye mashine... ikakataa. Nikaweka mimi... ikakataa! Tukapanguswa kwa spiriti, wapi! Kijana wa mashine akatuuliza kama sisi ni watu au mizuka. Akasema turudi vidole vikipona.

Hatukurudi. Tulikuwa na haraka, maana tulishapata shamba la mikorosho Likunja, upande wa Ruangwa, kwa akiba yetu sote wawili. Issa, mdogo wake Bakari, alikuwa na kitambulisho. Akasema, "Kaka, tumia kidole changu. Si damu moja?"

Basi laini ya simu, akaunti ya benki, usajili wa mkulima, na mwishowe karatasi ya mauzo ya shamba ili majina yafanane... vyote vikamsoma Issa. Na sitamsingizia: kila msimu alituletea hela zetu bila kupunguza hata mia. Nani angeona ubaya hapo?

Kisha Bakari akaugua kifua. Siku moja mchana, akiwa kitandani hospitali, akanishika mkono.

"Mama Shamsa, niitie Issa na mwenyekiti wa kijiji. Tuandikishane lile shamba, nisije..."

Nikamkatisha. "Usijichurie, baba Shamsa! Utapona, tutakwenda wenyewe."

Kesho yake akaanza tena. Nikamtia kijiko cha uji mdomoni! Jamani... nilimnyamazisha mume wangu kwa uji! Nilidhani namtia moyo. Wiki haikuisha, tukamzika.

Nilipomaliza eda nikaenda Likunja kupalilia. Nikakuta vibarua wanapogoa mikorosho yangu, Issa amesimama kati yao. Alinipokea kwa adabu zote, na adabu hiyo ndiyo iliyoniuma.

"Karibu, shemeji. Ila siku nyingine unipigie kwanza."

"Nikupigie ili niingie shambani kwangu?"

"Shemeji... karatasi inamsoma nani?"

Nilikwenda kwa mwenyekiti. Akataka maandishi. Aliyetuuzia alishahamia Chiola na akafia huko. Majirani walijua ukweli, lakini kila mmoja alisema hataki kuingilia mambo ya ndugu. Kwa hasira nikaenda kusajiliwa upya. Nikaweka kidole... mashine ikapokea mara ya kwanza! Vidole vilishapona zamani, tangu niache kubangua, tena bila kutuarifu. Nililia pale mpaka kijana akadhani mashine imenibana.

Wakati huo binti yangu Shamsa alikuwa amepata nafasi chuo cha uuguzi, na meza ya mitumba hailipi ada ile. Issa akalijua hilo. Akaja na neno lake: mali isitoke nyumbani, anioe niwe mke wa pili, yaishe.

Nikalipigia hesabu siku kadhaa. Halafu nikajiona mjanja! Nikamwambia sawa, ila mahari yangu ni shamba, na liandikwe jina langu kijijini kabla shehe hajafungua mdomo.

"Nusu," akasema.

"Lote."

"Theluthi mbili, shemeji. Nami nina watoto."

"Lote! Na ghala lake juu."

Akakubali. Nikatoka pale nimevimba kichwa. Biashara gani nilifanya? Nimenunua changu, nikajilipa mimi mwenyewe! Mke mkubwa, Mwajuma, alinipokea mlangoni kwa kicheko: "Karibu, mke mwenzangu. Wengine huja na vyombo, wewe umekuja na msitu!"

Issa hanipigi. Ada ya Shamsa analipa. Lakini alinikataza soko, akisema mke wake hauzi nguo zilizovaliwa na Wazungu. Nikitaka kwenda Nachingwea lazima niombe ruhusa, na ruhusa ina maswali mengi kuliko kituo cha polisi. Usiku wa zamu yangu namwona anavua kofia kama alivyokuwa akivua kaka yake... Naomba niishie hapo.

Nilipochoka nikamfuata shehe, nikamwambia nataka kutoka. Akaniangalia kwa huruma.

"Mwanangu, akikuacha yeye, mahari ni yako. Ukiomba kutoka wewe, na yeye hana kosa la kushitakiwa, utamrudishia mahari."

"Na shamba?"

"Shamba si ndiyo mahari?"

Nilipiga hesabu. Nikapiga tena. Nikitoka, namwachia shamba. Nikikaa, shamba ni langu na mimi ni wake. Nikifa, naye ni mrithi wangu! Nilimwomba Issa aniache kwa hiari. Akacheka: "Nikuache kwa lipi? Mimi na wewe tuna ugomvi gani?"

Wasomaji wenzangu, kwa nini tunaogopa karatasi kuliko mauti yenyewe? Mkiwa hai na mnapatana, kaeni chini. Laini inamsoma nani? Akaunti je? Shamba je? Kama mlikopeshana jina kwa shida, irekebisheni shida ikiisha, mbele ya mashahidi, wala msione haya kwa kuwa ni ndugu. Issa hakuwa mwizi kaka yake alipokuwa hai. Tulimwachia mlango wazi, akaingia.

Na kama una mgonjwa wako anataka kusema mali iko wapi na ni ya nani, weka uji chini. Kaa karibu. Mwache amalize.