Ijumaa Kinu Hakikuzimwa

"Pweza, sindano imevuka mstari mwekundu. Panga la pili la kinu linakatika."

Raudha, ambaye redioni ndiye Pweza, alikanyaga mafuta. Suzuki ikaruka shimo la Barabara ya Bagamoyo, bastola ikamchoma ubavuni.

Akaiinua redio ya Motorola. "Fundi Fransis anasemaje?"

"Kapiga simu sasa hivi, laini mbovu. Anasema kinu kizima, vipimo ndivyo vinadanganya," mwenzake wa ofisini akajibu.

Vinasa mtetemo vilibandikwa kwenye mapanga matatu ya kinu cha upepo cha Kunduchi, vikituma habari hadi ofisi yao ya ujasusi Mikocheni. Panga zima lina mtetemo wake, na lenye ufa hutetemeka kama mgonjwa wa homa. Wauza majenereta, watu walionenepa kwa mgao wa umeme, walikuwa wameapa kukiangusha kinu hicho. Panga likichomoka litatua kwenye msikiti wa jirani, na baba yake Raudha hukaa safu ya mbele kila Ijumaa.

Adhana ikasikika alipofika chini ya kinu. Raudha akatazama juu.

Kinu kilikuwa kinazunguka.

Fransis, Mkristo wa Songea, hakuwahi kuacha kukizima kinu kwa adhana ya Ijumaa. Ndiyo ahadi aliyowapa majirani siku ya kwanza.

Basi aliyepiga simu hakuwa Fransis.

Akashuka mbio, akaupiga teke mlango wa kinu. Jitu lililovaa ovaroli ya Fransis likamjia na spana. Risasi moja, likaanguka limeshika goti. Fransis mwenyewe alikuwa sakafuni, kafungwa kamba, uso umevimba.

Raudha akabonyeza swichi ya breki. Wapi! Waya ulikuwa umekatwa, na juu kitu kililia kraa.

"Ya mkono, dada," Fransis alinong'ona. "Gurudumu jekundu. Zungusha, usiache."

Lilikuwa limeshika kutu. Alizungusha hadi ngozi ya viganja ikabanduka. Akalia waziwazi, akimwomba Mungu si leo, si baba. Ujasusi wote ulimtoka, akabaki mtoto wa mtu.

Kinu kikapunguza mwendo. Kikasimama.

Redioni wakamwambia sindano imelala.

Alimfungua Fransis, akalitia jitu pingu, akaita polisi kwa redio. Swala ilipokwisha, baba yake alimkuta ameegemea gari, viganja kavificha ndani ya mtandio.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Huyo Fransis wenu leo kachelewa kuzima. Tumeanza swala na makelele. Mwambie sikupenda."

"Nitamwambia, baba."

Akaingia garini, akaondoka taratibu, usukani ukimteleza kwa damu.