Sauti ya Mume Wangu Inauzwa Stendi

Mimi ni mwanamke wa miaka thelathini na sita, mjane, mama wa mtoto mmoja wa kike. Naishi Ipogolo, Iringa, na nauza nyanya na vitunguu karibu na pale mabasi yanaposimama. Naandika haya nikiwa na hasira. Sitawadanganya, wasomaji wenzangu, kwamba nimesamehe. Kila mtu ananiambia nisamehe, hasa wale ambao hawajaibiwa kitu!

Marehemu mume wangu alikuwa seremala, na mwishoni mwa wiki alikuwa mwalimu wa kwaya. Kwao ni Tukuyu. Mimi ni Mhehe, naye alipenda kuwatania rafiki zake kwamba kumuoa Mhehe kunahitaji moyo, maana hasira zetu ziko karibu kama kiberiti. Tulicheka sana kwa utani huo. Sasa sicheki.

Tulipokuwa wachumba tulikwenda Mbeya kuwasalimu ndugu zake, tukapita soko la Mwanjelwa kwenye vitu vilivyokwisha kutumika. Hapo ndipo alipokiona kijiredio cha MP3, kidogo kuliko sabuni ya kipande, cha bluu, kioo kimepata ufa pembeni. Nikamwambia aachane nacho, ni kibovu. Akakibonyeza, akakisogeza mdomoni, akaimba kidogo. Kisha akanisikilizisha. Kilikuwa kinarekodi! Ile sauti yake nzito ilitoka kwenye kile kitu kidogo, nami nikabaki mdomo wazi.

Hakuwa na kinanda, jamani. Kijiredio kile ndicho kilikuwa kinanda chake. Wimbo ukimjia wakati anapiga randa, anaiacha randa palepale, anabonyeza, anaimba sauti ya kwanza. Siku nyingine sauti ya pili. Halafu ya tatu, halafu besi. Ikifika siku ya mazoezi anawawekea wanakwaya, kila kundi linasikiliza sauti yake mpaka inawaingia. Kwaya nzima ilijifunza hivyo.

Na rekodi zake hazikuwa safi. Mngesikia kuku, mngesikia nyundo, na zaidi ya yote mngenisikia mimi. Alikuwa na tabia ya kurekodi jioni, chakula kikiwa tayari, nami nilikuwa na tabia ya kumwita kwa kelele. Aliniambia nimemharibia nyimbo nyingi. Lakini hakuwahi kufuta hata moja...

Mtoto wetu Tumaini alipozaliwa, alimtungia wimbo wake peke yake. Haukuwa wa kanisani. Ulikuwa wa kumbembeleza tu, na alikataa kuwafundisha wanakwaya. Alisema huu ni wa nyumbani.

Masika moja akaanza kukohoa. Tukadhani ni baridi tu, maana Iringa nani asiyekohoa? Kumbe mapafu. Wiki haikuisha, mume wangu akaniacha na mtoto wa miaka minne.

Tukampeleka Tukuyu kumzika kwao. Tukuyu mvua haina likizo! Ilitunyeshea tangu kanisani mpaka kaburini. Kijiredio nilikuwa nimekifunga kwenye pindo la khanga yangu, sikutaka kukaa nacho mbali. Tuliporudi nyumbani nilikuwa kama mtu asiyejielewa. Mama mkwe akanivua nguo zilizolowa, akanifunika blanketi, akachukua kila kitu changu akakianika juu ya jiko la kuni. Kwao kila kilicholowa kinaanikwa juu ya moto: nguo, mahindi, hata vitabu vya nyimbo. Alinisaidia kama anavyomsaidia mtoto wake. Asubuhi kijiredio kilikuwa kimeyeyuka upande mmoja na hakiwaki.

Mama mkwe alilia kuliko mimi. Wala simlaumu, na sitamlaumu mpaka nakufa.

Ninayemlaumu ni shemeji yangu Lusajo, mdogo wa marehemu. Jina lake kwa lugha ya kwao maana yake ni baraka. Baraka! Mume wangu alimlea, akamfundisha kuimba. Alipotaka kwenda kutafuta maisha Mbeya, kaka yake ndiye aliyemtengenezea kwa mikono yake kibanda cha mbao pale Mwanjelwa. Kazi yake pale ilikuwa kuwaingizia watu nyimbo kwenye memori kadi na kutengeneza simu. Siku ya mazishi wanaume wawili walimshika asianguke kaburini. Machozi yale nikayaamini.

Basi akaja, akakichukua kile kijiredio mkononi mwangu taratibu, akakigeuzageuza.

"Shemeji, hiki nipe mimi," akasema. "Kilichoungua ni nje. Kumbukumbu ya ndani huwa haiungui kirahisi. Nitazitoa nyimbo zote za kaka niziweke kwenye kompyuta, halafu nikuletee."

Nikampa. Nani asingempa? Nilimwombea na baraka juu.

Nikasubiri. Nikipiga simu ananiambia bado kuna kifaa kinatafutwa. Halafu fundi mkubwa kasafiri. Siku moja akanipigia mwenyewe, kwa sauti ya msiba kabisa, akaniambia kimeungua mpaka ndani, hakuna kilichopona. Nikamwomba basi aniletee lile gamba tu, nikae nalo. Akasema ameshalitupa. Akanimalizia na methali: "Sikio la kufa halisikii dawa, shemeji. Jipe moyo."

Nikajipa moyo. Mjinga mimi!

Lakini ngojeni niwaambie kilichoniumiza. Mtoto alianza kusahau. Mwanzoni alikuwa akiimba wimbo wake mzima. Baadaye akawa anachanganya maneno, akafika mahali ananiuliza unaendeleaje, nami nauimba, lakini mimi sauti yangu ni ya kuuzia nyanya. Jioni moja wakati namuogesha akaniuliza, "Mama, sauti ya baba ilikuwa nene au nyembamba?" Nikamjibu nene. Akafikiri, akasema, "Nene kama ya nani?" Sikuwa na wa kumfananisha naye. Nilimmwagia maji asiyaone machozi yangu. Sikutaka kitu kingine katika dunia hii, wasomaji wenzangu, ila mtoto wangu amsikie baba yake mara moja tena!

Ikapita zaidi ya mwaka. Siku hiyo nipo stendi na nyanya zangu. Kuna baba mmoja, jirani yangu wa biashara, anauza redio ndogo na spika za kuchaji, zote zinapiga kelele kwa pamoja kuanzia asubuhi. Nimezoea, sizisikii. Mara nikasikia mwanamke anaita:

"Baba Tumaini! Ugali unapoa!"

Nikageuka kuangalia nani ananiigiza. Hakuna mtu. Halafu ikafuata sauti ya mwanamume anacheka, sauti nene, akasema: "Nakuja, mama. Ngoja nimalize sauti ya pili."

Mungu wangu! Mume wangu anacheka stendi!

Nilisimama, bakuli la nyanya likamwagika, sikuliokota. Baada ya lile cheko zikaingia ngoma na kinanda, na mtu akaanza kuimba. Wimbo ni ule wa kumbembeleza mwanangu. Jina la Tumaini limetolewa, limewekwa jina la mwanamke sijui wa wapi. Na anayeimba ni Lusajo.

Nikamwendea yule jirani, nikamwuliza huu wimbo kautoa wapi. Akanishangaa, akanisalimu kwanza kwa Kihehe.

"Kamwene, mama Tumaini, wewe unaishi wapi? Huu si wa yule kijana wa Mbeya? Bodaboda wote wanao. Na huo mwanzo wa ugali unapoa ndio watu wanaoupenda, wanasema umetulia, wa kinyumbani kabisa."

Wa kinyumbani! Ndiyo, ni wa nyumbani kwangu! Ni ugali wangu! Nilimwambia aurudishe mwanzo. Akaurudisha. Nikamwambia tena. Mpaka akaniuliza kama naumwa.

Kesho yake nikapanda basi kwenda Mbeya. Njia nzima nilikuwa nazungumza peke yangu kama kichaa. Nilipofika Mwanjelwa sikukiona kile kibanda cha mbao. Nikaelekezwa kwenye fremu ya duka yenye kioo, picha yake kubwa imebandikwa mlangoni, kavaa miwani. Alikuwa na wateja. Aliponiona akatabasamu, nawaapia alitabasamu! Akaniambia, "Shemeji, karibu, pole na safari," akaniletea soda.

Nikamwuliza mbele ya wateja wake: kijiredio changu kiko wapi?

Akaanza na kukana. Eti wimbo kaukumbuka tu kichwani, maana kaka alikuwa akiuimba. Nikamwambia sawa, na sauti yangu nayo aliikumbuka kichwani? Cheko la marehemu nalo alilikumbuka? Wateja wakageuka kumtazama. Hapo akabadilika. Akaweka soda chini, akanivuta pembeni, sura nyingine kabisa.

"Sikiliza, shemeji. Vitu vya marehemu ni vya ukoo. Mimi ndiye mwanamume niliyebaki. Wewe ulikuja kuolewa tu."

Kuolewa tu! Mimi niliyemkanda kifua usiku mzima akikosa pumzi! Wewe ulikuwa wapi?

Nikamwambia abaki na wimbo, abaki na picha zake mlangoni. Mimi nataka sauti za mume wangu, zile zenye kuku na nyundo, mtoto asikie. Mnajua alichonijibu? Alisema kijiredio kilipona kirahisi tu. Alikibadilisha kava, akafuta vilivyokuwamo, akakijaza nyimbo za dansi na kumuuzia mpita njia. Hata hamkumbuki. Na zile alizokuwa amezihamishia kwenye kompyuta alizifuta zote akishajifunza nyimbo. Eti kompyuta ilikuwa imejaa. Kilichobaki ni kile kipande cha ugali, kwa sababu mtengeneza muziki wake alikipenda.

Uongo! Kompyuta haikujaa. Alifuta ili asikutwe na kitu. Ila tamaa ya kupendwa na watu ikamfanya aache kipande kimoja, na hicho kikamuumbua.

Nikapeleka kesi Tukuyu kwenye ukoo. Wakakaa wazee, tukaitwa, akaja na miwani yake. Baba mdogo mmoja akauliza, huku akichokonoa meno, wimbo ni upepo, unaibiwaje? Mwingine akasema damu ni nzito kuliko maji, tuyamalize hapahapa, kijana analitangaza jina la ukoo. Mimi ndiye nikawa mkorofi. Wahehe tuna hasira, walisema, na hapo haukuwa utani tena.

Mama mkwe alikuwa ameketi pembeni muda wote. Akaomba ausikie huo wimbo. Lusajo mwenyewe akauwasha kwenye simu, kwa majivuno. Likapita lile neno langu, likaja lile cheko, "Nakuja, mama..." Yule bibi aliinuka na kuangalia mlangoni, kama mtu anayemngojea mtoto wake aingie kweli. Kisha akaelewa. Akamgeukia Lusajo, akamwambia zima. Akatoka nje, na hakurudi kikaoni.

Wazee wakaamua nipewe kitenge na gunia la mchele, tushikane mikono. Mkono sikumpa. Kitenge nikakiacha kwenye kiti. Mchele wagawane wenyewe.

Niliporudi Ipogolo nilikwenda kwa yule jirani yangu nikanunua kijiredio kipya, chenye spika. Nikamwambia aniwekee wimbo mmoja tu. Ule. Ndiyo, wasomaji wenzangu! Ili mwanangu amsikie baba yake imenibidi niuingize wimbo wa mwizi nyumbani mwangu. Kuna uchungu kama huo?

Tumaini alipousikia aliganda na kijiko mkononi. Akasema, "Ni nene kweli." Nilimfundisha kitufe cha kurudisha mwanzo. Lusajo akitaka kufungua mdomo, mtoto anabonyeza. Mwizi huyo hajawahi kuimba hata neno moja ndani ya nyumba yangu, na hataimba.

Ila juzi mtoto aliniuliza, bila ubaya wowote, "Mama, usingemwita kula, baba si angeendelea kuimba?" Nilikwenda jikoni nikasonga ugali nikiwa nalia.

Nawasihi, mlio na sauti za wapenzi wenu kwenye simu na vijiredio vyenu, zigaweni kwa watu watatu, wanne, leo hii, wangali hai. Kikiharibika, usimkabidhi mtu kwa sababu tu ni ndugu. Kaa hapohapo kwenye meza ya fundi mpaka kiwake. Na anayelia sana kaburini, msimpe kitu kwa ajili ya machozi yake! Mimi nilimpa nilichokuwa nacho chote.

Na mkikaa stendi, au kwenye bodaboda, mkausikia wimbo unaoanza na mwanamke anaita ugali unapoa, jueni mwanamke huyo ni mimi. Anayecheka na kumjibu ni mume wangu, amelala Tukuyu. Anayeanza kuimba baada ya hapo ni mwizi. Hapohapo zimeni.