Kabureta Mbili za Berzaghi

JUMANNE, SAA 10:00 JIONI

Chumba cha nyuma cha baa ya Gino kilinuka kahawa na sabuni ya sakafu. Learco alichora ramani kwenye karatasi iliyofungiwa jibini. Nyumba. Geti. Banda la gari. Mtaa.

"Kesho, saa sita na nusu mchana," alisema. "Usiku ni wa wajinga. Usiku mbwa wanafunguliwa. Saa sita na nusu, Modena nzima ina kijiko mdomoni. Maduka yamefungwa, gereji zimefungwa, hata njagu wamevua kofia. Tuna saa mbili."

Walikuwa wanne. Learco Gozzi, aliyefungwa mara mbili na kutoka mara mbili na tabasamu lile lile. Ivano, dereva wake, mkubwa kama kabati, msema machache. Nives, mtumishi wa nyumba ya mwanasheria Cavedoni, mwenye ufunguo. Na Nello Bompani, fundi mstaafu wa miaka sitini na miwili, ambaye hakuwahi kuiba hata tofaa.

"Mzigo ni kabureta mbili," Nello alisema. "Basi. Gari hatuligusi."

"Nimekusikia mara kumi, mzee."

"Nasema mara ya kumi na moja."

Ivano alicheka, akamsogezea Nello kipande kikubwa cha jibini.

Nello alikuwa ametengeneza magari ya mbio ya watu wengine tangu utotoni. La kwake la kwanza alilinunua alipostaafu: Berzaghi ya mwaka 1964, ya viti viwili, rangi ya majivu. Kiwanda kilishakufa. Gari lilikuwa na kila kitu ila kabureta, na kabureta hizo zilitoshea Berzaghi tu. Miaka miwili alizitafuta. Alizunguka minada ya vyuma vikuukuu, akaingia stoo za wajane, akaandikia watu Ujerumani. Seti moja tu ilijulikana mkoani, na ilikuwa kwenye gari la Cavedoni, lililolala chini ya shuka miaka kumi na moja. Nello alimwandikia mara tano. Hakujibiwa.

Mkewe, Iole, alikuwa na miguu iliyovimba. Ngazi za basi zilishamshinda. Nello alikuwa amemwahidi safari moja: kupanda milimani hadi Serramazzoni, kijijini kwao, yeye Iole amekaa pembeni yake ndani ya gari lile. Daktari alikuwa amesema miguu ile haitangoja mwaka mwingine.

"Mimi nafanya kwa ajili ya Iole," Nives alisema. "Alimwogesha mama yangu miezi minne. Hakutaka hata asante."

"Na wewe, Learco?" Nello aliuliza. "Unapata nini?"

"Tumekulia jengo moja, ngazi moja, wewe na mimi. Nipate nini tena?"

Nello alimwamini. Alitaka kumwamini.

JUMATANO, SAA 6:34 MCHANA

Mtaa mtupu. Madirisha ya mbao yamefungwa. Harufu ya mchuzi kila dirisha.

Nives alifungua geti. Mwanasheria alikuwa kwa mama yake, upande wa pili wa mji, kama kila Jumatano. Ivano aliingiza gari dogo la mizigo, lenye namba za bandia.

"Chukua," Nives alimwambia Nello, akampa matambara safi, yaliyopigwa pasi. "Usichafue mikono. Iole atajua."

SAA 6:41

Shuka liliondolewa. Berzaghi nyekundu iliyokoza. Nello alisimama.

"Mzee, tusianze kusali," Learco alisema.

Nello alifunua boneti. Hizo hapo, mbili, kavu, nzima. Alianza na mabomba ya mafuta. Nati nane. Kila nati iliyotoka aliirudisha kwenye bolti yake kwa vidole, isipotee. Matundu ya injini akayaziba kwa matambara ya Nives, vumbi lisiingie.

"Unamtengenezea au unamwibia?" Ivano aliuliza.

"Injini haijanikosea."

SAA 7:12

Kabureta zilikuwa ndani ya sanduku. Nello alifuta mikono.

"Tayari. Twende."

Learco hakusogea. Alikuwa amekaa juu ya tairi la akiba, anavuta sigara.

"Zirudishe."

"Nini?"

"Zirudishe. Washa gari. Kuna lori linangoja njia ya kuingilia barabara kuu. Mnunuzi ametoka mbali. Anataka gari zima."

"Tulisema kabureta."

"Wewe ndiye uliyesema kabureta."

Nives alifunika mdomo. "Learco, gari zima? Mimi ndiye mwenye ufunguo! Watanijia mimi!"

"Ulijua unakuja kwenye nini, bibie."

Nello alimtazama Ivano. Ivano alitazama sakafu.

"Sikiliza, Nello," Learco alisema, sasa kwa upole. "Mnunuzi ana stoo. Ana seti mbili za akiba. Moja ni yako kesho. Nimeshamwomba." Aliweka mkono kwenye mfuko wa koti, akauacha humo. Kulikuwa na kitu kizito. "Usipotaka, ni vilevile. Utaziweka tu."

Nello alitazama mfuko, kisha sanduku.

"Nives aende nyumbani," alisema. "Sasa hivi. Halafu nafanya."

Learco alimwonyesha Nives mlango kwa kidevu. Nives aliondoka akilia, lakini mlangoni aligeuka, akarudi, akamfunga Nello kishikizo cha shati kilichofunguka.

SAA 7:49

Nati ya nane. Betri ya mwanasheria ilikuwa imekufa, kwa hiyo Ivano alichomoa ya gari lao la mizigo. Alimimina petroli mpya. Nello alizungusha ufunguo uliokuwa umeachwa ndani ya gari.

Injini ilikohoa. Ikazima. Ikakohoa tena, ikashika, ikatetemeka kama mgonjwa wa homa.

"Twende!" Learco alisema.

"Haiendi hivi. Kabureta hazijapatana. Itazima kwenye kona ya kwanza."

"Itachukua muda gani?"

"Dakika kumi."

"Mungu wangu. Fanya!"

Nello alichukua kipande cha bomba la mpira, ncha moja sikioni, nyingine kwenye koo la kabureta. Alisikiliza upepo. Akageuza skrubu robo. Akasikiliza ya pili. Robo nyingine. Mikono yake ilijua kazi hii kuliko alivyoujua uso wake. Sauti ikaanza kunyooka. Ikawa moja. Ikawa nene, safi, ikajaa banda, ikatoka getini, ikapita mtaa mzima.

Wote watatu walikuwa wazaliwa wa Modena, mji wa magari ya mbio, wakabaki kuisikiliza. Hakuna aliyefikiri kwamba mtaa nao unasikia.

SAA 8:01

Dirisha la kwanza lilifunguka. La pili. La sita.

Mzee mmoja alitokea getini na kitambaa cha kulia shingoni, uma bado mkononi.

"Berzaghi!" alipaza sauti. "Nilimwambia mke wangu, hiyo ni Berzaghi! Akasema ni trekta!"

Nyuma yake walikuja wawili. Kisha watano, wanaume waliostaafu viwandani, midomo ina mchuzi. Walijaza geti. Hakuna aliyeuliza nani ni nani.

"Silinda ya tatu inachelewa kidogo," mmoja alisema.

"Masikio yako ndiyo yanachelewa, Oreste."

"Kijana, nani aliyeipatanisha? Wewe? Njoo nikupe mkono," mwingine alimwambia Nello.

"Tokeni njiani, wazee," Learco alisema akiuma meno. "Tunatoka nje."

"Utoke nayo baridi hivyo? Mwache apashe moto, bwana! Una wazimu?"

Mama mmoja alimletea Nello sahani ya tortellini, tambi zilizojazwa nyama, zikitoa mvuke. "Kula, baba. Umepauka. Mwanasheria hata chakula hakuwapa?" Akageukia wenzake. "Nimempigia simu kwa mama yake. Nimempongeza! Miaka kumi na moja, hatimaye ameiwasha. Maskini, hakuweza hata kujibu."

Learco alielewa wa kwanza. Alitembea, hakukimbia. Alipita katikati ya wazee akisema samahani, samahani. Gari la mizigo halikuwa na betri, kwa hiyo alipita kando yake bila kulitazama. Hakugeuka nyuma.

Ivano alisita. Aliweka mkono wake mzito begani kwa Nello.

"Njoo, mzee."

"Miguu haitaki, Ivano. Nenda."

Ivano alienda.

SAA 8:20

Askari wawili, na mwanasheria Cavedoni nyuma yao, uso umemvimba kwa hasira. Nello alikuwa amekaa kwenye ngazi ya banda, sahani magotini.

"Ungeniomba!" Cavedoni alisema.

"Nilikuandikia mara tano."

"Barua za vipuri sizisomi. Zinakuja kila wiki."

Nello aliitikia kwa kichwa. Lilikuwa jibu la kweli.

"Ufunguo wa geti ulikupa nani?" askari aliuliza.

"Nilichonga mwenyewe. Kwa kipimo cha macho."

Askari alimtazama. Hakuandika.

"Na wenzako?"

"Nilikuwa nimeinamia injini. Sikuona watu."

Mama wa tortellini alimwomba askari angoje mzee amalize kula. Askari alingoja.

SAA 11:15 JIONI

Askari wengine wawili walifika kwa Iole. Walivua kofia. Walisema gari la Nello lazima lichukuliwe likakaguliwe, labda lina vitu vingine vya wizi. Lori la kubebea lilishindwa kuingia uchochoroni, likasimama kwenye kona.

"Haliwaki," Iole alisema. "Kabureta ndizo hazipo."

"Tutalisukuma, mama. Lakini mmoja wetu akishika usukani, mwingine hawezi peke yake."

Iole alivua aproni. Alikuja na ndara, polepole, akishika ukuta. Askari mdogo alimfungulia mlango, akamshika chini ya mikono yote miwili, akamteremsha kwenye kiti cha dereva kama anaweka yai. Kisha akamwinulia miguu ndani, mmoja mmoja.

Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Nello alikuwa ameipaka rangi upya ngozi ya kiti hicho majira ya kuchipua, ili Iole akikalie.

"Nifanyeje?" Iole aliuliza.

"Nyoosha usukani tu, mama."

Wakasukuma. Gari lilitoka gereji bila sauti, likapita milango ya majirani. Iole alishika usukani kwa mikono miwili, macho mbele. Kwenye kona aliuliza breki ni ipi. Wakamwonyesha.

"Tumefika, mama," askari mdogo alisema.

Hakuachia usukani. Yule askari alifungua mdomo aseme tena, mwenzake akamgusa mkono. Walisimama kando ya gari, kofia mikononi, wakamngoja.