Sufuri ya Mraba wa Nne

Kila asubuhi, kabla ukungu haujainuka kwenye vilima vya Wamagana, Wacera huwa amekwisha kupeleka maziwa kwenye gari la ushirika na kupalilia mistari miwili ya viazi. Ndipo hunywa chai. Ana miaka kumi na miwili tu, lakini mama yake huwaambia majirani kwamba Wacera akipita na jembe, magugu huhamia kata nyingine. Wacera hujifanya hasikii, kumbe masikio ameyatega. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na siku moja sifa hizo zilimtia Wacera mashakani.

Jumatatu moja alijiunga na chama cha mazingira shuleni. Wanachama walifanya kazi kwenye timbo la zamani, mahali palipochimbwa mawe ya kujengea. Timbo lilikuwa limefungwa, wanakijiji wakafukia mashimo na kutandaza udongo. Wanafunzi nao walikuwa wamezungushia kamba miraba tisa midogo.

"Mraba wa nne ni wenu, wewe na Theuri," Mwalimu Wamae alimwambia haraka haraka, kengele ikilia. "Theuri ni mgonjwa, atarudi Alhamisi akueleze kazi. Ijumaa tuna mgeni kutoka kaunti, Madam Ntinyari. Atasoma daftari letu, kisha aamue miche elfu moja ya miti ipandwe wapi."

Mgeni! Nyumbani kwa kina Wacera, mgeni akitarajiwa, shamba hupaliliwa kabla hata ya nyumba kufagiliwa. Jumatano jioni alichukua jembe lake dogo akaenda timboni. Alikuta mraba wa nne umejaa thangari, ile nyasi inayowatoa wakulima jasho, na mceege, ambao mbegu zake hung'ang'ania sweta.

"Ama kweli watu wa chama hiki ni wavivu!" alisema.

Aling'oa kila kitu. Alikung'uta mizizi, akasawazisha udongo kwa kiganja, kisha akarudi nyumbani akiimba.

Alhamisi Theuri alirudi shuleni, skafu bado shingoni. Alipouona ule mraba alishika kichwa kwa mikono miwili.

"Wee Wacera! Ati umelima?"

"Nimepalilia. Si kuna mgeni?"

"Hayo magugu ndiyo tunahesabu! Kila Alhamisi tunaandika mimea ngapi imeota yenyewe, ndio tujue kama ardhi inapona. Wiki jana tulikuwa na ishirini na tatu. Sasa tutahesabu nini, mchanga?"

Wacera aliutazama mkono wake. Mkono ule uliosifiwa kijiji kizima ulikuwa umefuta kazi ya miezi sita.

"Andika ishirini na saba," Theuri alinong'ona. "Mvua imenyesha, hakuna mtu atauliza."

Wacera aliandika. Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yao haikufika hata jioni. Mwalimu Wamae alisoma daftari akatabasamu hadi gego la mwisho likaonekana.

"Mraba wa nne umewashinda wote! Huko ndiko tutakakompeleka Madam kwanza. Bila shaka atataka miti ianzie hapo."

Siku hiyo Wacera hakumaliza sahani yake ya githeri. Aliogopa kufukuzwa chamani, tena wiki ya kwanza, na aibu ilimchoma. Lakini kila alipoifikiria ile miche ikipandwa kwa sababu ya namba aliyoitunga yeye, aliona aibu kubwa zaidi. Usiku mvua kubwa ilinyesha. Asubuhi alipiga moyo konde akamfuata mwalimu kwenye ofisi ya walimu.

"Mwalimu, ile ishirini na saba ni uongo. Nilipalilia mraba wote. Hakuna kitu."

Theuri, aliyekuwa amemfuata nyuma, akaongeza kwa sauti ndogo, "Namba nilisema mimi, Mwalimu."

Mwalimu Wamae alifungua daftari kwenye ukurasa wa mraba wa nne. Kisha akampa Wacera daftari na kalamu. "Rekebisha. Halafu utamweleza mgeni wewe mwenyewe."

Wacera alikata ile namba kwa mstari mmoja, akaandika sufuri, na kando yake sababu.

Timboni, Madam Ntinyari, mama mrefu aliyevaa gambuti, alimsikiliza Wacera hadi mwisho. Alichuchumaa kwenye mraba wa tatu, akachomeka kidole kwenye udongo, kikazama chote. Akahamia mraba wa nne. Mvua ya usiku ilikuwa imekokota udongo wote laini bondeni, na kidole kiligonga kokoto.

"Njooni muone," aliita. "Mvua ni ile ile, kilima ni kile kile. Penye thangari udongo umebaki. Palipopaliliwa umekwenda. Mngeniambia hapa kuna mimea ishirini na saba, ningeleta miche hapa, nayo ingesombwa na mvua. Sasa najua: miti itaanzia pale juu penye nyasi. Hapa kwanza tutaacha magugu yarudi."

Wacera hakuamini masikio yake. "Kwa hivyo sifukuzwi?"

"Ufukuzwe uende wapi na hizo nguvu?" Mwalimu Wamae alicheka. "Kwenye miche utapalilia mpaka uchoke. Ila huu mraba, jembe lako lisiukaribie!"

Wanafunzi waliangua kicheko, Wacera akicheka kuwashinda wote. Mwalimu alingoja watulie.

"Watoto wangu, bidii ni nzuri, lakini uliza kwanza kazi yenyewe ni ipi. Na ukikosea, sema. Ile ishirini na saba ilinifurahisha mimi siku moja tu. Sufuri ya Wacera imeokoa miti elfu moja."